Chupa Zilizopasuka Oktoba: Kisa cha Bia Kali ya Lubumbashi

Katikati ya Oktoba, usiku mmoja wa joto, chupa za bia zilianza kupasuka ndani ya depo, yaani stoo, ya nyumba moja huko Katuba, hapa Lubumbashi. Bia hiyo ilipikwa mwishoni mwa Mei, ikatiwa chupani Julai, ikaonjwa Agosti na tena Septemba, na hakuna aliyeona dalili ya hatari. Mwenye bia ni fundi wa friji, kijana makini anayeandika kila kitu kwenye daftari, na ni mmoja wa kundi letu dogo la wapikaji wa nyumbani tunaokutana Jumapili mchana. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu majibu ya haraka yaliyotolewa siku ile karibu yote yalikosea. Tena jibu lenyewe lilikuwa limeshasemwa mbele ya watu miezi minne kabla, katikati ya maongezi ya mambo ya nyumbani, na kwa kuwa halikuwa neno la bia hakuna aliyelishika.

Bia aliyokusudia ni ya mtindo wa abasia, yaani nyumba za watawa, za Ubelgiji: nzito, nyekundu iliyokolea, ya kunywewa glasi ndogo polepole. Watu wa Lubumbashi wanazijua bia hizo. Shangazi akirudi kutoka Brussels huja na chupa mbili tatu za Chimay au Rochefort zilizoviringishwa kwenye nguo, na watu kumi hugawana. Rochefort 10 ina kilevi cha asilimia 11.3, Westmalle Tripel asilimia 9.5. Bia zetu za Simba na Tembo, zinazopikwa hapa hapa mjini, ziko chini ya hapo kwa mbali. Kijana wetu alilenga asilimia 9 na kitu, kwa ajili ya sherehe za mwisho wa mwaka.

Kimea cha shayiri, kilo 7, kililetwa na dereva wa lori aliyepitia mpaka wa Kasumbalesa. Akaongeza kilo 1 ya sukari ya Zambia. Alipika juu ya majiko mawili ya mbabula kwa makala, yaani makaa, maana siku ile umeme ulikatika asubuhi na kurudi jioni. Kwa kupoza alitumia koili ya bomba la shaba aliyoikunja mwenyewe kwa vifaa vya kazi yake, na ilikuwa kazi safi: maji ya kimea yalitoka kwenye mchemko, ambao kwa urefu wetu wa mita 1,200 na kitu huwa digrii 96 hivi, yakashuka hadi 22 kabla ya nusu saa kwisha. Densimeta ilionyesha 1.092. Kwa asiyezoea: maji matupu ni 1.000, na kila kinachozidi hapo ni sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka. Bia ya kawaida huanzia 1.045 au 1.050. Hii ilikuwa na mzigo karibu mara mbili.

Hamira ilikuwa pakiti moja ya gramu 11.5, aina ya Kiingereza ambayo hushikana na kuzama upesi. Mfuko ulieleza kwamba inakula asilimia 74 hadi 78 ya mzigo.

Ndoo iliwekwa chumba cha nyuma, ambacho ukuta wake umepakana na jiko. Siku tatu za kwanza povu lilipanda hadi kusukuma kifuniko. Siku ya nne mama mkwe wake akafika kutoka Likasi kumwona mjukuu aliyezaliwa. Huku kwetu mtu hawezi kumlaza mama wa mke wake chumba kimoja na ndoo ya pombe inayochemka. Chumba kilifagiliwa, godoro likatafutwa kwa jirani, na ndoo ikahamia depo, juu ya saruji tupu, chini ya bati.

Jumapili iliyofuata alitusimulia habari hiyo yote: jinsi alivyohangaikia godoro, jinsi mtoto anavyolia saa tisa za usiku, jinsi mama mkwe anavyoamka alfajiri kupika uji. Tukampongeza. Mazungumzo yakageukia bei ya gunia la makala, karo za shule, mtu mmoja akauliza kuhusu friji yake isiyogandisha. Neno "depo" lilitajwa na kupita.

Anayeishi Lubumbashi anajua Juni na Julai zilivyo. Mchana jua linawaka na joto hufika 25 au zaidi, lakini usiku hushuka hadi 8, na kuna asubuhi zilizo chini ya hapo. Saruji hunyonya baridi hiyo na kuitunza. Mwisho wa Juni fundi wetu alipima bia: 1.036. Akangoja wiki mbili, akapima tena: 1.036. Akahitimisha kwamba imekwisha, akaongeza sukari gramu 6 kwa kila lita ili ipate gesi, akatia chupani. Zilitoka chupa zaidi ya hamsini za sentilita 33, akazifunga kwa kapsuli mpya, vile vifuniko vya bati.

Agosti alituletea ya kwanza. Ilikuwa tamu na haikuwa na gesi kabisa. Mmoja akasema hamira imechoka, mwingine akamshauri awe na subira. Mwisho wa Septemba, joto lilipokuwa limerudi, akaleta nyingine, na hiyo ilipendeza: povu la kukaa, harufu ya zabibu kavu na karameli, utamu kidogo mwishoni. Kila aliyeionja aliisifu. Kumbe ilikuwa njiani kupanda, na siku ile ilikuwa inapita tu kwenye kiwango kinachofaa.

Ujumbe wake ulinifikia saa nne usiku: "Yaya, machupa iko inapasuka mu depo. Niingie ao nisiingie?"

Nilimjibu: "Usiingie, mudogo. Funga mulango, batoto basipite pale. Tutaonana asubui."

Hapo nataka kukaa kidogo, kwa sababu ni pahali pa kuumizana. Chupa iliyojaa gesi kupita kiasi hairushi kifuniko peke yake, inarusha vipande vya kioo, na ikipasuka moja huzigonga za jirani. Alfajiri ndiyo saa ya kuingia, wakati joto liko chini kabisa. Tuliingia wawili, tumevaa kofia za kuchomelea, glavu za ngozi na makoti mazito, tukatanguliza magunia yaliyolowa maji na kuyatupia juu ya kreti kabla ya kuzigusa. Chupa kumi na moja zilikuwa zimeshakwenda. Sakafu ilikuwa inanata, na kipande kimoja cha kioo kilikuwa kimejichoma kwenye ubao wa rafu, mahali ambapo uso wa mtu mzima ungekuwa.

Zilizobaki tuliziteremsha kwenye pipa la maji ya kawaida kwanza, kisha tukaongeza barafu kidogo kidogo. Kioo chenye msukumo mkubwa ndani hakipendi kutumbukizwa ghafla kwenye barafu. Baridi ndiyo dawa hapa: bia iliyo karibu na digrii 3 inameza gesi zaidi ya mara mbili ya bia ya digrii 28, kwa hiyo msukumo ndani ya chupa unaanguka. Baada ya saa kadhaa tulianza kuinua kapsuli polepole kwa kifungulio, hadi isikike sauti ya gesi, tukazibana tena. Kazi hiyo ilirudiwa siku iliyofuata, na mara nyingine tena.

Baadaye tulikaa chini kutafuta sababu.

Rai ya kwanza ilitoka kwa mzee wa kundi, naye alisema pombe imeingiliwa na vijidudu. Ni rai inayostahili kuheshimiwa. Kuna hamira za porini zinazoweza kula hata sukari ambazo hamira ya dukani huziacha, na zikiingia, bia huendelea kukauka miezi na miezi. Lakini bia hiyo haikuwa na uchachu, haikuwa na harufu ya karafuu wala ya dawa ya hospitali, haikuwa na utando shingoni mwa chupa. Tena chupa zote zilikuwa sawa. Uchafu wa chupa kwa kawaida huharibu hii na kuiacha ile.

Ya pili: sukari ya chupani ilizidi. Daftari lilionyesha gramu 120 kwa lita 20, zimepimwa kwa mizani. Tufanye hesabu. Gramu 4 za sukari katika lita moja huzaa takriban ujazo mmoja wa gesi, yaani lita moja ya gesi ndani ya lita moja ya bia. Gramu 6 ni ujazo mmoja na nusu, na juu yake ongeza ule mmoja ambao tayari umo ndani ya bia iliyochachukia mahali pa baridi. Jumla 2.5, kawaida kabisa. Hata angekosea akatia mara mbili, ingekuwa 4: bia ya kumwagika mezani, na pengine chupa moja mbovu kupasuka, lakini si kumi na moja kwa usiku mmoja.

Ya tatu ilihusu chupa zenyewe, za kuokotezwa, zimezunguka mjini miaka mingi, zina mikwaruzo. Ni kweli zilichangia, maana zilizopasuka kwanza lazima zilikuwa dhaifu kuliko wenzake. Lakini chupa kuukuu haitengenezi gesi.

Rai ya nne ndiyo iliyonifurahisha kuijadili, kwa sababu ilitolewa na mwenye bia mwenyewe. Alifikiri makala yalimzidi nguvu, maji ya kimea yakapanda hadi digrii 70 au zaidi wakati wa kuloweka, na hivyo ukatoka utamu ambao hamira haiwezi kuula. Jambo hilo hutokea, na bia ya namna hiyo husimama juu kweli, kwenye 1.036 au hata zaidi. Lakini ingesimama moja kwa moja! Utamu usiolika haupasui chupa. Hizi zilipasuka, maana yake ndani kulikuwa na chakula cha hamira bado.

Ili tusibishane kwa maneno tulichukua bia ya chupa moja, tukaikoroga hadi gesi yote ikatoka, tukapima: 1.029. Kisha tukaitia kwenye mtungi wa kioo na hamira mpya nyingi kuliko inavyohitajika, tukaiacha juu ya kabati ndani ya joto la Oktoba. Siku ya tatu ilisoma 1.020, na siku ya tano vilevile. Hapo ndipo mwisho wa kweli wa bia hiyo ulipokuwa tangu siku ya kwanza.

Sasa hesabu inajieleza. Kwa sukari ya chupani bia ilianza kwenye 1.038 hivi. Ilikuwa imeshuka hadi 1.029, pointi 9 (pointi moja ni 0.001 ya densimeta). Kila pointi moja huzaa karibu nusu ya ujazo wa gesi, kwa hiyo hapo ni 4.5, na ule mmoja wa mwanzo, jumla 5.5. Shampeni ina ujazo wa 6 hivi, nayo huwekwa kwenye kioo kinene kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Chupa hizi za bia zilikuwa zimefika jirani na shampeni, ndani ya depo ya bati, kwa joto la digrii 28, na zilikuwa zimebakiwa na pointi 9 nyingine za kwenda. Kwa maoni yangu zingepasuka zote kabla ya Novemba.

Kwa nini basi hamira ilisimama kwenye 1.036? Tulifungua daftari kurasa za Juni na Julai. Kando ya 1.036 ya kwanza aliandika joto la bia kwa kipimajoto chake cha kazini: 14. Kando ya pili: 13. Yeye mwenyewe alikuwa amezisoma namba hizo kama maelezo ya pembeni. Hamira ile, kwa 13, hujikusanya, huzama na kulala. Na kilichoisukuma huko ni kuhama chumba siku ya nne, wakati ilipokuwa bado na kazi zaidi ya theluthi moja mbele yake, na kilevi tayari kinaanza kuilemea. Nilipomuuliza ni nani aliyeamua ndoo itoke chumba cha nyuma, alinyamaza kidogo, kisha akataja mama mkwe. Sote tulikuwa tumeshaisikia habari hiyo.

Baridi haikufanya kazi peke yake. Pakiti moja ilikuwa chache kwa mzigo wa 1.092, kwa lita 20 za namna hiyo wapikaji wengi hutia mbili. Halafu kuna suala la oksijeni, ambalo kwetu halipewi uzito unaostahili. Kuchemsha huifukuza hewa yote kwenye maji ya kimea, na hamira inaihitaji mwanzoni ili ijenge miili imara ya kuvumilia kilevi. Kwa urefu wa mji wetu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na maji yenye sukari nyingi hushika oksijeni kidogo zaidi. Kijana alikuwa ametikisa ndoo kidogo tu. Kwa hiyo hamira iliingia safarini ikiwa chache na dhaifu, halafu ikalazwa juu ya saruji. Ingekuwa imara, pengine ingefika 1.025 hata huko depo. Ingebaki kwenye joto, pengine ingefika hata kwa uchache wake. Vyote viwili kwa pamoja ndivyo vilivyoifunga.

Ninachokilaumu zaidi ni kanuni tunayoirithishana: ukipima mara mbili na namba haikubadilika, bia imekwisha. Kwa bia nyepesi iliyokaa mahali pa joto kanuni hiyo inatosha. Kwa bia kali kwenye baridi inadanganya, kwa sababu hamira iliyolala na hamira iliyomaliza kazi zinatoa namba ileile. Kulikuwa na kipimo cha pili ambacho kingetoa tahadhari, nacho ni hesabu ya mstari mmoja: kutoka 92 hadi 36 ni asilimia 61 tu iliyoliwa, wakati mfuko wa hamira unasema 74 kwa uchache. Pengo kubwa hivyo linahitaji maelezo kabla mtu hajagusa kapsuli. Wabelgiji wenyewe hawaiachii bahati: Duvel, yenye asilimia 8.5, baada ya kutiwa chupani hukaa wiki mbili kwenye ghala la digrii 24, kwa makusudi, ili kazi ya hamira ndani ya chupa iishe mbele ya macho yao.

Kuhusu njia za kuokoa bia iliyosimama, zipo, na hazihitaji umeme wa saa zote. Ndoo ikae ndani ya beseni kubwa la maji, mablanketi mawili yaizungushe, na asubuhi na jioni chupa za plastiki za maji ya moto zitiwe kwenye beseni. Kwa siku nne tano bia hufika 22 au 23. Ikorogwe chini polepole bila kuingiza hewa, ili hamira iinuke. Isiposhuka, itiwe hamira mpya iliyoamshwa kwanza kwenye maji ya kimea yanayochachuka, kwa maana ukiitia kavu moja kwa moja ndani ya kilevi cha asilimia 7 nyingi hufa. Na mtungi ule wa majaribio tulioutumia Oktoba unaweza kuwekwa siku ya kwanza kabisa ya kupika, glasi moja tu ya maji ya kimea na hamira ya kutosha, ukajua ndani ya wiki bia yako itaishia wapi.

Mzee wa kundi alitaka chupa zilizobaki zimwagwe zote ndoo moja zimalizie kazi pamoja. Nilimpinga kwa heshima. Kumwaga chupa moja moja kunaingiza hewa, na bia nyekundu ya namna hii ikipata hewa baada ya kuchachuka huishia kunuka karatasi iliyolowa. Tukaendelea na kupunguza gesi ndani ya chupa hizohizo, mara kwa mara, zikiwa baridi, hadi vipimo vikatulia kwenye 1.021. Tukabadilisha kapsuli bila kuongeza sukari. Bia iliyopatikana ni kavu kuliko ile ya Septemba, kali zaidi, karibu asilimia 9.5, na kwa ulimi wangu ni bora, ingawa harufu ya zabibu imepungua.

Kijana amepanga kupika tena Machi, ili bia ipate wiki sita kabla baridi haijaingia. Atatia pakiti mbili, na sukari ataiongeza siku ya tatu badala ya kuichemsha pamoja na kimea, hamira ianze na mzigo mwepesi. Tunabishana bado kuhusu mahali pa kuweka ndoo. Mama mkwe amesema atarudi Pasaka, na chumba cha nyuma ni chake. Mke wa fundi ndiye aliyependekeza kona ya jikoni nyuma ya mlango, palipo na meza ya unga. Amepima mwenyewe kwa kipimajoto cha mumewe alfajiri: 21.